Gari la tabo linapokosa nguvu: jinsi ya kutafuta mahali upepo unapovuja

Mwenye gari kuukuu la tabo, yaani lenye kifaa cha kuisukumia injini upepo zaidi, hapa Unguja anaweza kuendesha miezi mingi bila ya kutambua kwamba upepo wa tabo unavuja, kwa sababu barabara zetu nyingi ni tambarare na mwendo wa mjini haudai nguvu kubwa. Pemba mambo ni mengine. Mtu aliyepakia watu na mizigo akatoka Chake Chake kuelekea Wete hukutana na mlima baada ya mlima, na hapo ndipo injini hutakiwa itoe nguvu zake zote. Gari ambalo juzi lilionekana zima pale Darajani, leo linapanda kilima kwa gia ya pili, likitoa moshi mweusi nyuma na sauti ya kupuliza chini ya boneti.

Hali hiyo ilinikuta mimi mwenyewe nikiwa na Toyota Hilux Surf ya injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Gereji niliyoipelekea iliniambia, bila ya kufungua chochote, kwamba tabo imekufa na lazima iagizwe nyingine. Kabla ya kulipa niliomba siku mbili za kuchunguza, nikakuta mpira unaotoka kwenye tabo umepasuka upande wa chini, mpasuko usiozidi urefu wa kucha ya kidole gumba, mahali ambapo macho hayafiki mtu akisimama mbele ya gari. Tabo ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo nimeshuhudia tabo nyingine nzima zikiitwa mbovu kwa kosa la mpira au klampu, yaani pete ya chuma inayobana mpira, na ndiyo maana naandika kwa urefu kuhusu kupima kuliko kuhusu kubadilisha vipuri.

Njia ya upepo

Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha feni ya upande wa ekzosi, na feni ya upande wa pili huvuta upepo kupitia chujio na kuusukuma kuelekea kwenye injini. Upepo ukibanwa hupata joto, mara nyingi kupindukia nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo magari mengi yamewekewa kipoza upepo, ambacho mafundi hukiita intakula, kabla ya upepo huo kufika kwenye throtoli, yaani kilango kinachopunguza au kuongeza upepo unaoingia, na manifodi, yaani bomba linalougawa kwa silinda. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 husukuma kati ya bar 0.5 na bar 0.9 juu ya presha ya kawaida ya hewa. Geji nyingine husoma kwa psi, na bar 1 ni karibu psi 14.5.

Kila kiungo kilichopo kati ya tabo na silinda kinabeba presha hiyo kila mara unapokanyaga mafuta. Baada ya miaka 20 au zaidi mpira huwa umekuwa mgumu kwa joto, au umelainika kwa mvuke wa oili unaopita ndani yake, na klampu zimeshika kutu. Sisi watu wa visiwani tuna tatizo letu la ziada, nalo ni hewa ya chumvi. Skrubu ya klampu ikishakamatwa na kutu, bisibisi hukataa kuizungusha, na fundi mwenye haraka husema imekaza vizuri. Haikukaza, imekwama tu, na mpira ulio chini yake umelegea.

Dalili hutokea wakati gani

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya kushika spana, ni hili: tatizo linaonekana injini ikiwa na kazi tu, au hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, yaani ikiwa kwenye sailensi? Kwa gari la petroli jibu la swali hili linagawa njia ya upepo katika sehemu tatu, na kila sehemu ina tabia yake.

Sehemu ya kwanza ni ile iliyo kati ya chujio na tabo. Hapa tabo inavuta, haisukumi, kwa hiyo upepo hautoki bali unaingia. Nguvu haipungui sana, lakini vumbi la barabara za ndani huingia moja kwa moja bila ya kuchujwa na kula mapanga ya feni. Kama gari lina sensa ya upepo, ile inayopima upepo unaoingia, baada ya chujio, upepo ulioingia pembeni haukuhesabiwa, na mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Ufa wa sehemu hii ndio unaodharauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndio wenye hasara kubwa zaidi mwishowe, kwa sababu unaiua tabo kwa kweli.

Sehemu ya pili ni kati ya tabo na throtoli, pamoja na kipoza upepo. Injini ikiwa kwenye sailensi, presha mahali hapa inakaribiana na ya hewa ya nje, hivyo ufa mdogo hauonyeshi dalili yoyote. Ukikanyaga mafuta kwenye mlima, kuanzia mizunguko 2000 hivi kwa dakika, sauti ya kupuliza inasikika na nguvu inapotea. Mpira ukichomoka kabisa hali ni tofauti: gari lenye sensa ya upepo huweza kuzima hapo hapo, kwa sababu injini inavuta upepo mwingi ambao haukupita kwenye sensa.

Sehemu ya tatu ni baada ya throtoli, yaani manifodi, gasketi zake na mipira midogo yote inayotoka hapo. Katika injini ya petroli sehemu hii ina uvutaji mkubwa wakati wa sailensi na presha kubwa wakati wa kazi. Kwa hiyo ufa mmoja huleta dalili mbili: sailensi inapanda na kushuka, na nguvu inakosekana barabarani. Ukikuta zote mbili pamoja, anza kutafuta hapa.

Injini ya dizeli haitoi msaada huo, kwa kuwa haina uvutaji wa maana kwenye manifodi. Sailensi yake inaweza kuwa tulivu kabisa huku mpira umepasuka, kama lilivyokuwa gari langu.

Moshi unasema nini

Moshi mweusi hutajwa kila mara panapozungumzwa uvujaji, lakini haupo katika kila gari, na kutokuwapo kwake kumewapotosha wengi. Inategemea jinsi gari linavyohesabu upepo. Subaru Forester yenye injini ya EJ205, kwa mfano, hupima upepo kwa sensa iliyo kabla ya tabo. Kompyuta inaingiza petroli kwa kipimo cha upepo uliopita pale, lakini sehemu ya upepo huo inatorokea njiani. Petroli inabaki nyingi, gari linakohoa, linatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, na ulaji wa mafuta unapanda. Toyota zenye injini ya petroli ya 1JZ-GTE hupima presha iliyomo ndani ya manifodi. Kompyuta inaona presha imepungua na inapunguza petroli kwa kadiri hiyo, kwa hiyo mchanganyiko unabaki sawa na gari linakuwa zito tu, bila ya moshi.

Dizeli za kompyuta zenye sensa ya presha mara nyingi hufuata mwendo huo huo. Dizeli za zamani zaidi zina diaframu, yaani utando unaosogezwa na presha, juu ya pampu ya mafuta, iliyounganishwa na manifodi kwa mpira mwembamba. Presha ya tabo ndiyo inayoisukuma diaframu ili pampu itoe mafuta zaidi. Mpira huo mwembamba ukipasuka, tabo inasukuma kama kawaida, lakini pampu haipati habari, na gari linakuwa dhaifu kabisa bila ya moshi wowote. Huu ni mpira wa bei ndogo sana, na ni wajibu kuukagua kabla ya kufungua kitu kikubwa. Vivyo hivyo mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya presha katika dizeli zilizokuja baadaye.

Gari likiwa na mfumo wa kusomeka kwa mashine, namba P0299 inamaanisha presha ya tabo iko chini ya inayotakiwa. Haisemi sababu. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayatoi namba za aina hiyo hata kidogo, kwa hiyo usikate tamaa mashine ikikataa kusoma.

Kuangalia na kupapasa

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Fuata njia ya upepo kwa mkono kuanzia kwenye chujio hadi kwenye manifodi, na pitisha vidole upande wa chini wa kila mpira, kwa sababu nyufa nyingi huanza pale mpira unapopinda, upande usioonekana. Kioo kidogo cha mkononi na tochi vinasaidia sana. Kamua mpira kwa kiganja: ufa uliofumba mpira ukiwa umetulia hufunguka ukikamuliwa.

Angalia mafuta. Ndani ya mipira ya tabo huwa na utando mwembamba wa oili hata katika gari zima, na mahali upepo unapotoka, oili hiyo hutoka pamoja nao na kushika vumbi. Kiungo chenye uchafu mweusi wenye mafuta, huku vingine vikiwa vikavu, kinakuonyesha pa kuanzia. Kwenye kipoza upepo angalia mahali matangi ya pembeni yalipobanwa na sehemu ya kati ya alumini, na kwenye Subaru angalia vali ya kurejesha upepo iliyofungwa kwa boliti mbili juu ya kipoza upepo, kwa sababu gasketi yake huchakaa.

Kuna tabia moja naikataa kabisa, nayo ni kumwagia petroli au dawa ya kuwashia injini kwenye viungo huku injini ikinguruma, ili kusikiliza kama mlio utabadilika. Pembeni yake kuna tabo na ekzosi yenye joto la kuweza kuwasha moto. Gari linaweza kuungua kwa ajili ya kutafuta ufa wa mpira.

Kupima kwa kujaza upepo

Macho hayatoshi. Kipimo cha kuaminika ni kuujaza mfumo upepo injini ikiwa imezimwa, kisha kutafuta unapotokea. Kifaa chake hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Nunua kifuniko cha bomba la plastiki la mafundi bomba, chenye kipenyo kinacholingana na mdomo wa mpira unaoingia kwenye tabo, na kipande kifupi cha bomba lake. Toboa kifuniko katikati na pachika vali ya kujazia upepo ya gurudumu lisilo na tyubu. Fundi yeyote wa pancha anayo.

Ondoa chujio na sensa ya upepo, kisha funga kifaa hicho kwenye mpira wa kuingilia tabo kwa klampu imara. Mpira wa kupumulia injini, ule unaotoka kwenye kifuniko cha vali na kuingia kwenye njia ya upepo, utoe na uzibe pande zote mbili. Ukiuacha, upepo utaingia ndani ya injini kupitia hapo na unaweza kusukuma sili za oili zikatoka mahali pake.

Sasa jaza upepo kidogo kidogo. Kompresa ya fundi wa pancha huwa na presha mara nyingi zaidi ya inayotakiwa, kwa hiyo lazima iwepo regyuleta ya kupunguza presha, na geji. Anza na bar 0.3, sikiliza, kisha panda hadi kiasi cha presha ambayo gari lako husukuma kwa kawaida, na usivuke bar 1. Usisimame mbele ya kifaa na usiinamishe uso juu yake, kwa kuwa klampu ikiteleza kifuniko huruka kwa nguvu. Vaa miwani ya kukinga macho.

Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Ufa mdogo hutoa povu jeupe linalokua taratibu. Ufa mkubwa hautoi povu, unapeperusha sabuni yote, kwa hiyo lowesha kiganja na kipitishe karibu na mipira kabla ya kuamini kwamba hakuna kitu. Mimi hupima asubuhi mapema, kabla kelele za mtaani hazijaanza, kwa sababu sikio linafanya nusu ya kazi hii.

Jambo linalowasumbua wanaopima mara ya kwanza ni kwamba presha haikai hata katika gari zima. Injini ikisimama, baadhi ya vali za kuingizia upepo huwa zimefunguka, na upepo hupita kwenye ringi za pistoni hadi chini ya injini, au hutokea ekzosi. Ukisikia upepo kwenye ekzosi, zungusha krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa spana robo ya mzunguko na ujaribu tena. Ukisikia kidogo kwenye kijiti cha kupimia oili, ni kawaida. Ukitoka kwa nguvu mahali pa kujazia oili, shuku vali ya njia moja inayounganisha manifodi na injini, kwamba haifungi tena, au ringi zimechoka. Usitafute presha ikae kama kwenye gurudumu. Tafuta povu kwenye viungo.

Gari langu lilitoa sauti kwa bar 0.3 tu. Magari mengine hayasemi chochote yakiwa baridi, kwa sababu ufa unafunguka pale tu mpira unapopata joto. Kama dalili za barabarani ni wazi na kipimo cha baridi hakikuonyesha kitu, endesha nusu saa kisha upime tena, ukijihadhari na ekzosi.

Uvujaji ambao kipimo hiki hakiuoni

Katika magari mengi ya petroli kuna vali inayorejesha upepo kabla ya tabo pale unapoachia mafuta ghafla. Springi yake ikichoka au diaframu ikipasuka, vali haifungi, na upepo uliosukumwa unarudi nyuma kila wakati. Sasa fikiria kipimo tulichokifanya: tumejaza upepo kuanzia kabla ya tabo, kwa hiyo pande zote mbili za vali zina presha sawa. Hakuna kinachopita, hakuna povu, na gari linatangazwa zima. Hii ndiyo sababu ya watu kusema walipima na hawakupata kitu.

Dawa yake ni kutoa mpira wa kurejeshea upepo kwenye vali, kuziba upande wa mpira unaoelekea kwenye njia ya kuingilia, kisha kupima tena. Upepo ukitoka wazi kwenye mdomo wa vali, vali ndiyo mbovu. Unaweza pia kuifungua na kunyonya kwa mdomo kupitia mpira safi kwenye tundu lake dogo: diaframu nzima hushikilia uvutaji, iliyopasuka huachia mara moja.

Yanayofanana na uvujaji

Chujio la upepo lililoziba na chujio la dizeli lenye maji huleta uzito ule ule, na ni vitu vya kukagua kwanza kwa sababu ni rahisi. Ufa kwenye manifodi ya ekzosi, kabla ya tabo, hupunguza nguvu ya kuizungusha; dalili yake ni mlio wa kugonga gonga injini ikiwa baridi, unaopungua chuma kikipata joto, pamoja na masizi kwenye ufa.

Westigeti, ule mlango unaopunguza moshi unaokwenda kwenye tabo, unaweza kushikwa na kutu ukiwa wazi, jambo ambalo hewa ya bahari inalichangia, na tabo ikashindwa kufikisha presha. Lakini mpira mwembamba wa westigeti ukipasuka, matokeo yake ni kinyume: mlango haufunguki, presha inapita kiasi, na gari linakatika nguvu ghafla kwa sababu kompyuta inakata mafuta kuikinga injini. Gari linalovuta vizuri sana kisha kukatika si gari linalovuja upepo, na haifai kuendelea kuliendesha hivyo.

Tabo mbovu yenyewe ina dalili zake: moshi wa buluu, oili inayotiririka ndani ya mpira badala ya utando tu, mlio mkali kama king'ora, na mapanga yanayogusa nyumba yake. Toa mpira wa kuingilia na ushike shafti. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida oili ikiwa haina presha; mchezo wa kwenda mbele na nyuma unaohisika kwa kidole si wa kawaida.

Kutengeneza

Usizungushie mpira wa tabo utepe ukaamini kazi imekwisha. Utepe unaweza kukufikisha nyumbani, zaidi ya hapo joto na oili vinaubandua. Wala usiweke mpira wa radieta kwa sababu tu kipenyo kinalingana, kwani umetengenezwa kwa ajili ya maji, na mvuke wa oili huulainisha hadi ukavimba. Nunua mpira wa tabo wa gari husika au wa silikoni wenye utando wa ndani unaostahimili oili.

Safisha midomo ya mabomba kwa msasa mwembamba na uikaushe oili yote, kwa sababu mpira mpya kwenye bomba lenye mafuta huteleza ukachomoka mlima wa kwanza. Weka klampu za chuma kisichoshika kutu, nyuma ya tuta la mwisho wa bomba na si juu yake. Kaza kiasi, klampu iliyokazwa kupita kiasi hukata silikoni. Baada ya siku chache za kuendesha, kaza tena injini ikiwa baridi, kwani mpira mpya hujipanga.

Kisha rudia kipimo cha sabuni kuanzia mwanzo, viungo vyote, hata ulivyoviona vizima. Ufa mkubwa ukizibwa, presha inapanda na kuibua mdogo uliokuwa umejificha. Katika gari langu, baada ya kuweka mpira mpya, povu lilianza kutoka kwenye klampu ya upande wa throtoli, mahali palipokuwa kimya siku ya kwanza.